Mlima Ulipoguna

Tokuzo Hirabayashi alikuwa na masikio mawili kama watu wote, ila moja lilibaki pambo tu. La kulia lilikuwa limekufa kabisa, na la kushoto lilichagua la kusikia. Sauti nyembamba, kama kengele ya mlango au wajukuu wakigombea chungwa, zilipita vizuri. Zilizopotea ni zile nene za chini: ngurumo, gari la kusukuma theluji likipita barabarani alfajiri, na manung'uniko ya mkewe Fumi jikoni, ingawa haya ya mwisho hakuyalilia sana.

Daktari wa Matsumoto alimweleza kwa upole kwamba sauti hizo hazitarudi. Tokuzo alimshukuru, akainama, akapanda garimoshi la kurudi bonde la Himekawa, na hakumwambia mtu. Fumi alijua, kwani kuna mke asiyejua? Alizoea kumgusa mkono wa koti kabla ya kusema naye. Lakini naye alikuwa akisubiri aambiwe, na hakuambiwa.

Angekuwa seremala au mpika tambi, uziwi ule ungekuwa shauri lake na mkewe. Tokuzo alikuwa kiongozi wa watu wa skii, zile mbao za kutelezea theluji, milimani huko mbali na viwanja vyenye vibanda na nyaya za kupandishia watu, ambako theluji hulala ilivyoanguka na hakuna anayeilinda. Na huko juu kuna sauti moja ambayo kila kiongozi huomba asiisikie, na akiisikia hushukuru kwamba ameisikia. Tabaka dhaifu likifunikwa na theluji mpya, halafu mtu akapita juu yake, lile tabaka hujikunja na kutoa hewa iliyokuwa ndani. Ardhi yote hufanya fuum, kwa sauti nzito, kana kwamba gunia la mchele limeangushwa chumba cha pili. Watu wa bonde lile huuita mguno. Mahali tambarare hakuna zaidi ya hapo. Penye mteremko mkali, baada ya mguno upande mzima wa mlima huja chini na kila kilichosimama juu yake.

Mlima ukiguna, mnageuka. Hakuna mjadala, hakuna kura. Tokuzo mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo karibu viongozi wote wa bonde, na wengine walikuwa wakimwiga mpaka anavyokunja uso akilisema hilo.

Basi utauliza, kwa nini hakuacha? Swali rahisi kwa aliyekaa karibu na jiko la mafuta. Tangu nywele zake zikiwa nyeusi alikuwa akitembea mbele ya watu, na watu wenye hospitali zao na viwanda vyao walimwita Mwalimu na kukanyaga alipokanyaga. Akiondolewa hapo mbele, alibaki mzee wa kukwangua theluji juu ya paa lake mwenyewe. Kwa hiyo alijiambia kwamba macho yapo, nyayo zipo, na koleo la kuchimbia lipo. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wahenga hawajawahi kumzuia mtu aliyekwisha kufunga buti.

Asubuhi ile ya Februari walikuwa watu watano. Nyuma ya Tokuzo alikuja Bwana Utsumi, mtu mpana mwenye maneno machache, aliyestaafu baada ya kuendesha garimoshi maisha yake yote. Kisha daktari wa meno kutoka Nagoya, Kanamori, ambaye maneno yake yaliwatosha wote wawili, na mkewe Sayoko. Mwisho kabisa, mahali pa kiongozi wa pili, alikuwa Nobue Maruyama. Nobue alianza kumfuata Tokuzo alipomaliza shule, na sasa naye alikuwa na mvi zake. Wateja hawa walikuja kila mwaka, na kila mwaka Kanamori alimtania mkewe njia nzima kwamba safari ijayo atamwacha nyumbani alinde paka. Sayoko alimjibu kwamba paka ana adabu kuliko yeye, haoni ubaya kukaa naye.

Juma lile lilianza na usiku kadhaa wa baridi kali, bila wingu wala upepo. Juu ya theluji yakaota manyoya ya barafu, yale ambayo umande ukiganda huyatengeneza, membamba, ya kusimama wima, yanayometa jua likichomoza. Ni mazuri kuyatazama. Halafu theluji nyingi ikaanguka siku mbili mfululizo, tena polepole, ikayafunika bila kuyavunja. Tokuzo aliyajua yote hayo, maana hakuwa mjinga. Walipofika bega la mlima alichimba shimo, akakata nguzo ya theluji, akaweka koleo juu yake na kuligonga kwa mkono: kwanza kwa nguvu ya kiganja, kisha ya kiwiko, kisha ya bega. Nguzo ilisimama. Akaridhika.

Lakini pale begani upepo hupita. Manyoya ya pale yalikuwa yameshafagiliwa kabla ya theluji mpya kuanguka, kwa hiyo shimo lilisema kweli juu ya pale pale tu na si penginepo. Nobue aliuliza nyuma yake, Tokuzo akifunga koleo, kama shimo moja linatosha. Tokuzo alipogeuka aliona tu midomo ikifumba, akaitikia kwa kichwa, kama alivyozoea kuitikia siku hizo kila asiposikia. Kichwa kile kikachukuliwa kuwa jibu, na wakaendelea.

Wakashuka kidogo, wakaingia msitu wa buna, miti mirefu inayopukutisha majani, kila mmoja akisukuma skii zenye ngozi ya kupandia, ile inayozizuia zisiteleze nyuma, katika njia aliyoikata Tokuzo. Jua lilipenya kwenye matawi na theluji ilikuwa laini kama unga. Mara moja alihisi kitu chini ya nyayo, kama mtu aliyekosa ngazi ndogo gizani. Magoti yake nayo yalikuwa na mambo yao siku hizi, akayalaumu magoti. Baadaye kidogo alitupa macho nyuma, akaona kwamba hata Kanamori amenyamaza. Akadhani wamechoka, au uzuri wa mahali umewafunga midomo. Ukweli ni kwamba aliufurahia ule utulivu, maana watu wakinyamaza yeye na wao husikia sawasawa.

Msitu ulikoma kwenye ukingo wa bonde la Shirahage. Hapo mlima unafunguka kama bakuli kubwa jeupe, mteremko mkali juu yake na mkali chini yake, na siku ile haukuwa na alama hata ya sungura. Mpango ulikuwa kulivuka bakuli mmoja mmoja, wapande ule upande wa pili, kisha wateleze katikati yake mpaka chini. Kanamori alikuwa ameulilia mteremko ule miaka mingapi sijui, na kila mwaka Tokuzo alimwambia bado. Mwaka huu alimwambia ndiyo.

Akageuka awape maelekezo. Wote wanne walikuwa wamesimama. Sayoko alishika mkono wa koti la mumewe. Nobue alikuwa ameacha mahali pake pa nyuma na kufika katikati ya mstari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakuna aliyeutazama mlima. Walikuwa wakimtazama yeye, kama abiria kituoni wanaosubiri kutangaziwa.

Tokuzo akatazama chini. Kutoka kwenye ncha ya skii yake ya kushoto ulikuwa umejichora ufa mwembamba kama uzi, ukaenda, ukaenda, ukaingia ndani ya bakuli usionekane mwisho wake. Ufa wa namna ile haujitokezi wenyewe. Akaelewa kwamba muda mfupi uliopita, chini ya miguu yake mwenyewe, mlima ulikuwa umeguna, na watu wote waliusikia isipokuwa yeye.

Lakini ufa ule ulikuwa pia mlango wa kutokea, na aliuona upesi kuliko alivyouona ufa. Alihitaji kusema neno moja tu na mambo yangekwisha. Wangeshuka salama, na siri yake ingeshuka pamoja nao.

"Tunarudi," akasema.

Aliona mabega yao yakishuka kwa nafuu. Kanamori akarudishiwa ulimi wake papo hapo, akamgeukia mkewe.

"Unaona, Mama Yui? Nilikwambia Mwalimu anajua anachokifanya. Wewe ulishaanza kugawa urithi kichwani."

"Nilikuwa nimefika kwenye gari," akasema Sayoko. "Nilitaka kumpa paka."

Hata Utsumi akacheka. Alipangusa masharubu yake yenye barafu, akasema, kwa heshima, kwamba ameona mengi lakini hajaona utulivu kama wa Mwalimu.

"Maana mimi ule wa tatu ulinifanya nimeze mate," akamaliza.

Tokuzo alikuwa akiitazama midomo yake. "Wa ngapi?"

"Wa tatu, Mwalimu."

Angeweza bado kuitikia kwa kichwa. Kichwa kilishaanza hata kuinama, kwa mazoea. Akakizuia. Miguno mitatu. Mmoja ungetosha kuwarudisha, na yeye aliwatembeza juu ya miwili mpaka ukingoni mwa bakuli, nao wakaja, na sasa walikuwa wakimsifu. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona haya maishani mwake, na zile sifa ndizo zilizomchoma zaidi.

"Wa kwanza ulikuwa wapi?" akauliza.

Nobue ndiye aliyejibu, akitamka taratibu. "Pale miti ilipoanza kupungua. Wa pili tulipokivuka kijito. Palikuwa tambarare, Mwalimu, nikasema moyoni umeamua kwamba tambarare si kitu."

"Sikuamua kitu. Sikusikia."

"Hukusikia upi?"

"Hata mmoja."

Kanamori akatabasamu, akidhani ni mzaha wa viongozi, halafu tabasamu likamfia usoni. Tokuzo akavua kofia, ingawa baridi ilikuwa kali, akawaambia yote pale pale, kwa sauti ya kawaida. Sikio hili limekufa. Hili lingine halipati sauti nene. Ni majira ya pili ya theluji sasa. Alijua, daktari alimwambia, na akaendelea kuwachukua watu, akiwamo wao. Ilikuwa juu yake kuwaambia kabla hawajafunga buti, na hakuwaambia kwa sababu aliogopa kuachwa nyumbani. Kisha akainama chini kabisa mbele yao na kukaa hivyo.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na Tokuzo alikuwa akiungoja mshindo huo kutoka kwa Kanamori, mwenye hela yake na haki yake. Ukatoka kwa Nobue.

"Inuka, Mwalimu," alisema, na sauti ilikuwa kali, nyembamba kiasi cha kupita kwenye lile sikio bila shida. "Wewe hukusikia. Mimi nilisikia mara tatu nikafunga mdomo. Kila mara nilijiambia, Mwalimu yuko mbele, Mwalimu amesikia. Sasa nani kati yetu ni kiziwi?"

Kila mmoja alikuwa amejiambia hivyo hivyo. Sayoko alikiri kwamba kwenye mguno wa pili alitaka kupiga kelele, akaona ni utovu wa adabu kupiga kelele nyuma ya mtu kama Mwalimu. Angefunikwa na mlima akiwa na adabu zake zote. Heshima si utumwa, lakini nenda ukawaambie watu waliofunzwa tangu utotoni kwamba mkubwa akiwa mbele mdogo hupumua polepole.

Utsumi ndiye aliyeumia zaidi, na alilisema mwenyewe. Kazini kwake, alieleza, kila taa ya njiani waliinyooshea kidole na kuitaja kwa sauti, kijani, kijani, njano, hata kama ni usiku na dereva yuko peke yake. Bosi akipanda kukaa ubavuni ndipo unapaza sauti zaidi, maana bosi naye hulala na macho wazi. "Nimezipigia kelele taa za watu maisha yangu yote," alisema. "Leo nimekaa kama mgeni aliyekaribishwa chai."

Akafikiri kidogo, kisha akaongeza jambo bila kumtazama mtu.

"Tunyoosheni mikono basi. Atakayesikia mguno anyooshe mkono pale ulipotokea, na aseme. Macho ya Mwalimu ni mazima."

Walirudi kwanza ndani ya miti, kwa njia ile ile waliyojia, wakiachana mbali mbali. Hapo, penye mteremko mdogo, Nobue akachimba shimo lake. Alikata nguzo, akaweka koleo, akaanza kugonga kwa kiganja, taratibu, kana kwamba anabisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Kabla hajafika kwenye kiwiko, theluji yote ya juu ikateleza na kuanguka nzima nzima, kama kipande cha tofu, ile jibini laini ya soya, kikiponyoka sahani. Akakigeuza kile kipande wote waone. Manyoya yalikuwa upande wa chini, marefu kama ukucha, hayajavunjika, bado yanameta. Sayoko alisema ni mazuri, akasikika kama mtu anayetaka kulia.

Kanamori alilitazama bakuli lake kupitia katikati ya miti, lile aliloahidiwa, kisha akachukua koleo la Nobue mkononi mwake na kulifuta theluji kabla ya kumrudishia. Baadaye alimwambia Tokuzo, akimkabili usoni ili amwone midomo, kwamba ana hasira naye na itamchukua muda. Tokuzo akajibu kwamba ni haki yake. Walikula matonge ya wali wakiwa wamesimama, na achari ya majani ikazungushwa, na hata mwenye hasira alimega.

"Nobue," akasema Tokuzo walipokuwa wakifunga mizigo. "Tangulia."

"Tutazungumza tukifika chini, Mwalimu."

"Chini tutazungumza mengine. Hapa tangulia."

Nobue alimtazama kitambo, halafu akampita. Mmoja mmoja wakampita: Utsumi, Sayoko, Kanamori. Tokuzo akashika mkia wa mstari, mahali ambapo hakuwahi kutembea tangu ujana wake, na akagundua kwamba ukiwa nyuma unaona migongo tu. Iliuma. Hakuna haja ya kupamba maneno, iliuma kama kung'olewa jino, na alijua kwamba maumivu haya hayataisha jioni ile.

Hawakwenda mbali kabla Utsumi hajasimama na kunyoosha mkono wake mnene kuelekea ardhi iliyo wazi kushoto kwao. Tokuzo hakusikia kitu. Aliuona mkono, naye akanyoosha wake kuonyesha kwamba ameelewa. Wakakaa mbali na upande ule. Baadaye Sayoko naye akanyoosha, na hakuona aibu tena.

Kisha wakafika njia panda. Upande mmoja kuna korongo fupi, lenye kivuli, linaloshuka moja kwa moja mpaka daraja la kijijini. Tokuzo alilipita mara zisizohesabika, na siku kama ile angelichagua bila kufikiri sana. Alikuwa na sababu zake tatu au nne, na zote zilikuwa nzuri. Upande mwingine ni kilima chenye miti minene, cha kupanda tena na kuzunguka, njia ya kumfikisha mtu nyumbani wakati chai imeshapoa.

Nobue akasimama. Alitazama korongo, akatazama kilima. Halafu, kwa mazoea ya maisha yake yote, akageuka nyuma kutafuta uso wa Mwalimu. Utsumi naye akageuka, na Sayoko, na hata Kanamori na hasira zake. Nyuso nne zilimngoja tena, zile zile za ukingoni mwa bakuli, tayari kufuata kichwa kitakavyoinama. Watu hawa walikuwa wametoka kuona tofu ile ikiteleza, na bado walikuwa tayari. Tokuzo aliwaogopa kuliko alivyouogopa mlima.

Neno korongo lilikuwa limeshafika kwenye meno yake. Akalimeza. Akainama na kuanza kufungua vishikizo vya buti, ambavyo havikuwa na tatizo lolote, akavifunga tena, akavifungua, uso wake umeelekea theluji ili asionekane na mtu. Alikaa hivyo mpaka mgongo ukamkaza. Kama walikuwa wakizungumza huko mbele, yeye hakusikia.

Alipoinua kichwa, hakuna aliyekuwa akimtazama tena. Nobue alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kilimani, njia ile ndefu, na wengine walishaanza kumfuata. Si njia ambayo Tokuzo angeichukua. Akakaza ngozi chini ya skii zake, akangoja Kanamori afike mbali kiasi cha kutosha, kisha akafuata.